Office Home 2024: boksi lisilo na kitabu cha maelekezo
Ukifungua boksi la Office Home 2024, furushi la programu za ofisi za Microsoft, hukuti diski wala kitabu, ni kadi tu yenye ufunguo wa usajili wa herufi na tarakimu 25, makundi matano ya tano tano. Hapo ndipo wengi hukwama: B husomwa 8, G husomwa 6. Herufi O na sifuri hazimo kabisa, kwa hiyo ukiona kama duara, jaribu Q au D. Andaa akaunti ya Microsoft, intaneti na nafasi ya GB 4 kwenye kompyuta ya Windows. Programu zenyewe, hasa Excel ya majedwali ya hesabu, ni imara. Lakini ukibonyeza F1, kitufe cha msaada, bando likiwa limekwisha, hupati msaada. Hilo ni kosa kubwa! Kijitabu cha kurasa 20 tu, cha usajili na fomula za msingi, kingemfaa sana mwenye duka anayenunua bando la siku.