Drosera ya Kwanza Kununua: Ipi Itaishi Kwako, Ipi Itapendeza Pichani

Kabla hujamlipa muuzaji yeyote, pima maji yako. Drosera ni mmea wa vinamasi vyenye udongo maskini. Virutubisho vyake vingi huvipata kwa kunasa wadudu kwa yale matone ya gundi yanayong'aa kama umande, kwa hiyo mizizi yake haikuzoea chumvi wala mbolea. Maji ya kisima cha pwani, yale yanayoonja chumvi hata kwenye chai, yataumaliza taratibu. Kipima TDS (kiasi cha chumvi na madini yaliyoyeyuka majini), kile kikalamu wanachotembea nacho mafundi wa mitambo ya kuchuja maji, kinakupa jibu papo hapo: tafuta namba iliyo chini ya 50. Maji ya mvua ndiyo bora. Yakiisha, nunua maji ya betri, ila soma chupa vizuri usije ukabeba asidi. Maji ya kunywa ya chupa mengi yana madini, nayo yapime.

Orodha hii nimeipanga kwa maswali mawili: itaishi kwenye hali ya hewa yetu, na itapigika picha vizuri? Swali la pili watu hulikumbuka mmea ukishafika, kumbe umbo la jani ndilo linaloamua kama simu yako inatosha au utaingia gharama ya lenzi.

1. Drosera capensis

Asili yake ni Rasi ya Afrika Kusini, na kwa anayeanza sioni ya kuishinda. Inavumilia joto, inavumilia baridi ya Nairobi mwezi wa Julai, inavumilia hata mwenye mikono mizito. Majani yake ni marefu na membamba, na jua la asubuhi likitokea nyuma yake kila tone linawaka. Mdudu akinasa, vinyweleo humwinamia kwanza, kisha jani lenyewe hujikunja kumzunguka kwa muda wa saa kadhaa. Simamisha simu kwenye stendi, ipige picha moja kila dakika, uziunganishe ziwe video. Hakuna mgeni atakayeipita bila kuuliza.

Nunua mche mmoja tu. Maua yake hujichavusha yenyewe na kumwaga mbegu nyingi mno, na usipokata shina la ua utaikuta imeota kwenye kila chungu kilicho karibu. Zaidi ya hapo, jani ukilikata na kuliacha lielee kwenye maji ya mvua mahali penye mwanga, baada ya wiki kadhaa huchipua miche midogo. Anayekuuzia mitano kwa mpigo anakuuzia minne usiyoihitaji.

2. Drosera spatulata

Hii ni shada dogo bapa linalolala juu ya udongo, na upana wake ni sentimita chache tu. Mwenye simu peke yake aihesabu kuwa namba moja. Lenzi ikisogea karibu sana na kitu, sehemu inayotoka kwa ukali huwa nyembamba mno, na jani lililosimama litafifia nusu nzima. Shada bapa ukilipiga kutoka juu, karibu matone yote yako umbali mmoja. Iweke penye jua la kutosha iwe nyekundu. Kivulini hubaki kijani na matone hupungua.

3. Drosera madagascariensis

Huyu ni mwenyeji wetu. Pamoja na Madagaska, humea kwenye maeneo chepechepe ya Afrika ya kitropiki, Tanzania na Uganda zikiwemo. Shina lake hurefuka na kuegemea nyasi, kwa hiyo picha zake huwa na mvuto wa porini hata ukiwa kibarazani. Nimeiweka ya tatu kwa sababu haipendi kukaukiwa hata kidogo. Tafadhali usiing'oe bondeni. Kule Madagaska imekuwa ikichumwa kwa wingi porini ili isafirishwe Ulaya kutengenezea dawa za kikohozi, na mmea huu hauhitaji mkono mwingine wa kuupunguza. Nunua mbegu kwa mkulima.

4. Drosera adelae

Imetoka misitu ya mvua ya Queensland, Australia, hivyo inastahimili kivuli na kupenda unyevu hewani. Mtu wa Tanga au Zanzibar atafurahi nayo, wa Dodoma atahangaika.

Za kuachana nazo

Drosera rotundifolia ina jina kubwa. Ndiyo hasa iliyomteka Charles Darwin, hadi mwaka 1860 akamwandikia mwanajiolojia Charles Lyell kwamba wakati huo aliijali Drosera kuliko asili ya spishi zote duniani. Lakini inahitaji usingizi wa baridi kali kila mwaka, na Dar es Salaam haina. Drosera regia nayo ni ya kifahari na ni ghali, na joto huiua.

Mbegu au mche?

Mbegu ni za bei nafuu lakini ndizo zenye utapeli mwingi. Mbegu za drosera hizi ni laini kama vumbi. Ukiletewa zenye ukubwa wa punje ya pilipili manga, umeuziwa kitu kingine, na picha za drosera za buluu mtandaoni ni uongo mtupu. Mbegu halisi hazifukiwi. Zinyunyize juu ya udongo, zinataka mwanga.

Mche ulionunuliwa kitaluni uwe na matone. Uliosafirishwa kwa siku kadhaa utafika mkavu, usigombane na muuzaji. Angalia moyo wa mmea kama ni kijani, matone yatarudi. Majani machanga yaliyopinda ovyo ni dalili ya vidukari, huo urudishe. Ukiagiza nje ya nchi, omba kwanza kibali cha kuingiza mimea kwa mamlaka ya afya ya mimea, KEPHIS kwa Kenya au TPHPA kwa Tanzania, na mdai muuzaji cheti cha afya ya mimea. Bila hivyo kifurushi kinaweza kuishia kuchomwa. Udongo uchanganye mwenyewe: piti (mabaki ya mimea ya vinamasi iliyooza nusu) nusu, mchanga uliooshwa nusu. Si mchanga wa baharini.

Lenzi, kwa ufupi

Lenzi ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya kubana kwenye simu ndiyo ya kwanza, hasa kwa spatulata. Mwenye kamera anunue mirija mitupu ya kuweka kati ya kamera na lenzi aliyonayo. Haina kioo ndani, kwa hiyo hata ya bei nafuu haiharibu picha. Lenzi kamili ya makro ya milimita 90 au 100 ingoje hadi uone kweli unapiga kila wiki. Flashi izibe kwa karatasi nyeupe, la sivyo kila tone litakuwa na doa jeupe. Wala usinyunyizie mmea maji ili uonekane una umande mwingi: maji huosha gundi, na utapiga picha ya majani mapara.