Wiki sita gerejini: niliyoyakuta mimi mwalimu wa umekanika

Huu ni mwaka wa 17 nafundisha umekanika wa magari katika chuo cha ufundi mkoani. Kufundisha nilifunzwa Morogoro, kwenye chuo cha walimu wa ufundi stadi, na walinifunza vizuri. Ila mara ya mwisho kutengeneza gari la mteja bado nilikuwa nachokonoa kabureta na kupima mwanya wa platini kwa fila, mambo ya magari ya zamani. Wanafunzi wangu wakitoka hapa wanakutana na magari ya kompyuta: Toyota IST, Vitz na Aqua. Kwa hiyo chuo kiliponipangia wiki sita kwenye gereji moja ya Dar, upande wa Ilala, nilienda kwa moyo mmoja. Jina la gereji silitaji, maana nina malalamiko nayo pia.

Wiki ya kwanza nilipewa kiti. "Karibu mwalimu, kaa hapa uone." Heshima tele, chai ya maziwa na chapati kila asubuhi, spana hakuna. Siku ya sita nikamfuata fundi mkuu: "Bosi, mimi nimekuja kujifunza, naomba kazi." Kesho yake nikawekwa na kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Hapo ndipo mafunzo yalipoanza.

Ikaja IST, taa ya injini inawaka. Kijana akachomeka mashine ya kupima chini ya dashibodi, ikasoma kodi (namba ya hitilafu) P0171: hewa nyingi, petroli kidogo. Mimi mawazo yangu yakaenda moja kwa moja kwenye sensa ya oksijeni, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nafundisha: kodi fulani, badilisha kifaa fulani. Akanizuia. "Subiri mwalimu. Kodi inakuonyesha mtaa tu, nyumba unaitafuta mwenyewe."

Akafungua ukurasa wa data. Gari likiwa kwenye silensa, yaani injini inawaka bila kukanyagwa mafuta, kompyuta ilikuwa inaongeza petroli kwa asilimia 25. Akakanyaga mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, ikashuka mpaka 6. "Umeona? Kuna hewa ya wizi." Hewa inayopenya baada ya sensa inayopima hewa huiumiza zaidi injini ikiwa taratibu, kwa kuwa wakati huo hewa halali ni kidogo; ukikanyaga, ile ya wizi inamezwa. Akanishika mkono, akaupitisha nyuma ya manifodi, mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini, mpaka kwenye mpira mdogo wa hewa usioonekana kwa macho. Upande wa chini ulikuwa umepasuka. Nikahisi ufa unanyonya ncha ya kidole changu.

Tulibadilisha mpira tu. Sensa ingemgharimu mteja mara nyingi zaidi, na taa ingerudi palepale. Nilifikiria vijana wote niliowafundisha kubadilisha sensa, ikaniuma.

Malalamiko yangu makubwa ni kwenye magari ya haibridi, yale ya petroli na umeme kama Aqua. Betri ya Aqua za toleo la kwanza ina volti 144. Nyaya za rangi ya machungwa, zinazopitisha umeme huo, hazichezewi: unachomoa plagi ya usalama, unasubiri dakika kumi, unapima kwa multimita, ndipo unagusa. Utaratibu wote huo walinieleza vizuri, lakini glavu za umeme mkubwa zilikuwa jozi moja. Nilipoikunja ya kulia kuanzia kwenye mdomo wake ili hewa ibanwe kwenye vidole, nikasikia inavuja kwenye kidole gumba. Nikakataa kufanya kazi. Fundi mkuu alinuna, siku mbili zikapita bila kazi ya haibridi, mpaka glavu mpya zikaletwa. Gereji inayopokea walimu haitakiwi kungoja mgeni ndiye agundue tundu.

Nyota nawapa tatu na nusu kati ya tano. Tatu nzima ni za yule kijana.

Walimu wenzangu mtakaopangiwa gereji, kabla ya kufika ulizeni mambo mawili: nitashika gari la mteja kuanzia siku ya ngapi, na mashine yenu inasoma data au kodi peke yake? Mashine yetu ya chuoni, ile ya bei rahisi, inagoma kabisa kuongea na IST nyingi zilizotoka Japani, na ombi la kununua nyingine nimeshaliandika. Kwa sasa naazima ya jirani yangu fundi kila Jumatano. Nalegeza mpira mmoja kwenye gari la mafunzo kabla darasa halijaingia, nafunga boneti, halafu nawaambia: tafuteni nyumba.