iPod ya zamani, gari jipya lisilo na AUX: kidude hiki kinafaa, lakini kitakutoa jasho

Haya haya, karibuni tena. Mezani leo kuna iPod classic, ile yenye tundu pana la pini 30, ambayo Apple waliacha kuiuza mwaka 2014 na bado imeshiba nyimbo. Huku nyuma yangu kuna gari lenye skrini kubwa, USB, Bluetooth, kila kitu, isipokuwa lile tundu dogo la duara la AUX, la kuchomekea waya wa muziki. Wameling'oa! Kwa hiyo katikati tunaweka hiki hapa: kidude cha Bluetooth, ukubwa wa kidole gumba, jeki moja, kitufe kimoja, taa moja. Jina la kampuni msilitafute, maana kidude hikihiki kinauzwa kwa majina chungu nzima. Uzito, umbali, toleo la Bluetooth, yote yako kwenye boksi, sitayasoma.

Sogeza kamera hapa ubavuni. Mnaiona swichi? TX na RX. TX inatuma, RX inapokea. Vidude vingi vya bei nafuu ni RX peke yake: kazi yake kuchukua wimbo kutoka kwenye simu na kuuingiza kwenye redio ya zamani yenye AUX. Sisi tunataka kinyume chake, wimbo utoke kwenye iPod uende garini. Muuzaji atakwambia, "Ssebo, ni kilekile tu." Si kilekile! Kisipokuwa na TX, kirudishe mezani kwake na uage vizuri.

Sasa tukiunganishe, na hapa ndipo kinaponikera. Kidude hiki hakina skrini, hakikwambii kinafanya nini. Ukikiweka TX, hakisubiri kutafutwa, chenyewe ndicho kinachotafuta spika au hedifoni. Na redio ya gari, ukibonyeza "tafuta kifaa", nayo inatafuta simu. Wote wanatafuta, hakuna anayejitokeza. Watu wengi hufikia hapa wakasema kimekufa. Hakijafa. Fuata mkono wangu.

Kwanza zima Bluetooth ya kila simu iliyomo garini, ya abiria pia. Hedifoni zisizo na waya zirudi kwenye kasha lake na kasha lifungwe, kwa sababu kidude hukamata spika yoyote kitakayoiona mwanzo, halafu unabaki unajiuliza muziki umekwenda wapi. Kama menyu ya gari ni ya Kijapani, na hapa Uganda ni nyingi, itafsiri kwa kamera ya simu kabla hujaendelea. Pili, kwenye redio usichague kutafuta. Chagua kusajili kifaa kipya, ile sehemu ambayo redio inaonyesha jina lake na kusubiri. Tatu, shikilia kitufe mpaka taa iwake nyekundu na bluu kwa zamu. Hapo, mnaona? Kiache karibu na skrini ya gari, usibonyeze tena. Kinaweza kuchukua dakika nzima. Tulia... tulia... bluu imeganda. Kimeshika.

Redio ikikuonyesha tarakimu sita na kuuliza kama zinafanana, jibu ndiyo. Kidude hakina pa kuzionyesha, hakitabisha. Tatizo ni redio inayotaka namba iandikwe upande wa pili. Utaiandika wapi? Ingia kwenye mipangilio ya Bluetooth ya redio, tafuta namba ya siri, ibadilishe iwe 0000, anza upya. Mara nyingi hiyo ndiyo namba ambayo vidude hivi hutuma. Na zipo redio ambazo hazikubali kifaa kisichoweza kupiga simu. Kwa hizo hakuna dawa, ndiyo maana nasema kijaribiwe ndani ya gari lako, na iPod yako, kabla pesa haijatoka mfukoni.

Sasa sikilizeni sauti. Eh! Hapa nakisamehe. Besi imejaa, juu hakuna mikwaruzo. Ila volyumu ya iPod niliiweka kama asilimia 80, na EQ, ile ya kurekebisha besi na sauti za juu, nimeizima. Nikiipandisha mpaka mwisho, sikia hiyo... inapasuka, kwa sababu mlango wa kidude umezidiwa. Ukiwa na waya wa pini 30 wenye tundu la laini, yaani la kutolea sauti, chomeka huko badala ya tundu la hedifoni. Kiwango chake hakibadiliki na gurudumu la volyumu halikigusi.

Vifungo vya usukani? Sahau. Volyumu itapanda na kushuka, lakini "wimbo ujao" hakuna, na jina la wimbo halitatokea kwenye skrini. Kati ya iPod na kidude kinapita sauti tu, amri haipiti.

Najua kuna mtu anasema, si ningenunua transmita ya FM, ile inayorusha wimbo kwenye redio ya gari kama stesheni, nikapumzika? Ngoja. Magari mengi yetu yametoka Japani, redio zake za FM huanza 76 na zile za zamani huishia 90. Transmita za madukani huanza 87.5. Mnakutana kati ya 87.5 na 90 tu, na Kampala hapo zimekaa stesheni za CBS kwenye 88.8 na 89.2, kisha Radio One kwenye 90. Utabanwa! Fundi anaweza kukufungia kiongeza mawimbi, kinachoifanya redio ifikie stesheni za juu ya 90, ukapata nafasi, lakini ukishika njia ya Masaka, stesheni nyingine itaibuka palepale ulipojificha. Na FM haipitishi sauti za juu zaidi ya kilohezi 15. Kwangu hiyo ni ya mwisho kabisa.

Mlio. Ukichaji iPod na kidude kwa pamoja kutoka tundu la sigara huku vimeunganishwa kwa waya, utasikia "wiii" inayopanda kila unapokanyaga mafuta. Hiyo ni kelele ya alteneta, mashine inayochaji betri ya gari, inapita kwenye ardhi za waya, yaani njia ya kurudishia umeme. Chaji kimoja tu, au kimojawapo kipate umeme kutoka pawabanki.

Wenye gari lenye AUX, ninyi mna bahati, msinunue hiki. Waya wa jeki kwa jeki unatosha, ila hesabuni mistari myeusi kwenye jeki: iwe miwili. Yenye mitatu ni ya maiki au video. Na ukisikia ala zinapiga vizuri lakini mwimbaji amepotea, jeki haijaingia mpaka mwisho, ardhi haijagusa.

Wa Sansa Clip+, kile kichezaji kidogo cha muziki, msiniache. Yenu inaweza kuingia moja kwa moja kwenye USB ya gari. Nenda kwenye mipangilio ya mfumo, hali ya USB, toa MTP weka MSC, ili gari likione kama flashi. Kwa MTP redio nyingi zitakaa kimya. Faili ziwe MP3. Na kusema kweli, flashi iliyofomatiwa FAT32, mpangilio wa faili ambao redio nyingi za gari huusoma, inafanya kazi hiyohiyo kwa bei ndogo zaidi, sema haina orodha zako ulizozipanga kwenye iPod.

Bei: kwa hiki, juu ya shilingi elfu hamsini za Uganda mimi sitoi, na anayetaja themanini kwa sababu umeshuka kwenye gari zuri, mwache. Video ijayo ni kubadilisha betri ya iPod classic, na kifuniko chake hakifunguki kwa upole. Sabskraibu, kisha andika chini aina ya redio yako na kama imekikubali kidude au imekikataa, nitabandika orodha juu ya maoni.