Mwendokasi ya Dar es Salaam: tathmini kwa jicho la mtafuta ajira

Jiji linalotaka kuvutia biashara na ajira halina budi kwanza kumfikisha mfanyakazi kazini kwa wakati, na kwa kipimo hicho awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka, iliyoanza kutoa huduma Mei 2016 katika njia ya kilomita 20.9, inastahili alama nzuri, ingawa si za juu kabisa. Njia kuu hutoka Kimara hadi Kivukoni, ikiwa na matawi ya Morocco na Gerezani, hivyo mkazi wa Kimara aliyezoea kukwama kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro anaunganishwa na ofisi za Posta na maduka ya Kariakoo. Nguvu ya huduma hii imo katika njia yenyewe, kwa kuwa basi haligombei nafasi na daladala. Udhaifu umo katika uchache wa mabasi: asubuhi na jioni vituo hufurika, na njia nyeupe haimsaidii anayesubiri. Mvua kubwa zikinyesha, bonde la Jangwani hujaa maji na safari husimama. Na karakana, ajabu, ilijengwa humo humo.