Saiba ya kujazia fomu za uraia, Eastleigh, Nairobi

Saiba hii, yaani duka la huduma za kompyuta na intaneti, haina kibao. Iko ghorofa ya pili ya jengo moja karibu na Garissa Lodge, na ngazi zake ni za giza. Unapanda ukipishana na vijana waliobeba marobota ya vitambaa. Ndani mna kompyuta nne, mashine moja ya kopi na mabenchi mawili ya kungojea. Nilimpeleka dada yangu mkubwa Jumanne saa tatu asubuhi, tukatoka saa saba mchana.

Dada alikwenda Uingereza mwaka 1997 kufanya kazi ya uuguzi. Mwaka 2006 akachukua uraia wa huko, na kwa sheria yetu ya wakati ule hapo hapo akawa si Mkenya tena. Hakuna aliyempa taarifa. Aliyaonja mambo yenyewe mwaka 2009, alipokuja kumzika mama: sisi tunamngoja nje ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, yeye yuko foleni ya wageni akilipia viza ya kuingia kwao. Baadaye likaja suala la shamba la Machakos. Asiye raia hamiliki ardhi Kenya ila kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99, kwa hivyo jina lake halikuweza kukaa kwenye hati kama langu na la mdogo wetu. Kifungua mimba wa baba!

Katiba ya 2010 iliruhusu uraia pacha, lakini dada alichelewa miaka yote hii kwa woga. Alidhani ataulizwa kwa nini aliondoka. Alikuja na barua aliyoiandika kwa mkono, kurasa mbili, akieleza karo za wadogo zake (mimi nikiwa mmoja wao) na kumalizia kwa kuiomba serikali imsamehe.

Binti anayehudumu pale, mwenyeji wa Garissa, aliisoma barua yote bila haraka, na watu wamejaa nyuma yetu. Kisha akamwambia: "Mama, barua yako ni nzuri lakini usiipeleke. Wewe hukukosea mtu. Ibara ya 14 inasema aliyezaliwa Mkenya akapoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine, ana haki ya kurejeshewa akituma maombi. Tunajaza fomu tu." Dada aliikunja barua mara nne, akairudisha mkobani, akavua miwani na kupangusa macho. Kwa dakika hiyo peke yake ningelipa mara kumi ya ile shilingi 500 niliyotozwa.

Kazi yenyewe ni safi. Cheti cha kuzaliwa cha dada kimechakaa, kimeshikwa kwa selotepu mgongoni. Binti alipangusa kioo cha mashine kwa kitambaa, akakilaza cheti taratibu, akakipiga mara tatu hadi mhuri ukasomeka. Kitambulisho cha zamani nacho, chenye picha ya dada akiwa na nywele za kusuka, alikipiga pande zote mbili. Ada ya serikali tulilipa wenyewe kwa M-Pesa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mbele ya macho yetu, na risiti akatuchapia.

Jambo moja liliniuma, na si kosa la saiba. Benchi la pembeni aliketi msichana wa miaka kumi na tisa, mzaliwa wa Pumwani, Kiswahili chake ni cha Nairobi kabisa. Anatafuta kitambulisho cha kwanza, na ofisi moja imemrudisha mara tatu alete karatasi za babu yake. Tangazo la rais la Februari 2025, lililotolewa Wajir, la kuondoa ule msasa wa ziada (kuchunguzwa asili kuliko wengine kabla ya kupewa kitambulisho) kwa watu wa kaunti za mpakani, alikuwa nalo kwenye simu. Dada yangu ana pasipoti ya Uingereza, hajaishi hapa tangu 1997, na njia yake imenyooka kuliko ya mtoto ambaye hajawahi kuvuka mpaka wowote. Niliona haya kuketi naye. Binti alimwandikia orodha ya hati za kubeba na jinsi ya kuzipanga, hakumtoza hata shilingi.

Kasoro zipo. Bei hazijabandikwa ukutani, lazima uulize. Stima ilipotea karibu saa nzima na hawana jenereta. Mtu wa magoti mabovu atazilaani zile ngazi. Ijumaa wanafunga mchana kwa sala, basi nenda asubuhi, na ubebe hati halisi, kwa sababu picha za simu hawazipokei.

Tulipokuwa tunainuka dada akauliza, kwa sauti ndogo, kuhusu wanawe wawili waliozaliwa Leicester. Baba yao ni Mjamaika, na zamani mtoto aliyezaliwa nje alirithi Ukenya kwa baba tu. Binti akamwambia hao hawana cha kurejeshewa. Katiba hii inamtambua mtoto kwa mama vilevile, hata aliyezaliwa kabla ya 2010. Ni Wakenya wa kuzaliwa, wanachohitaji ni karatasi. Dada akaketi tena. Akaanza kumtajia herufi za majina yao moja moja, la kati likiwa Mutheu, jina la mama yetu.