Tiki ya kijani iliyonidanganya siku tatu

Nimeitumia programu hii ya simu miezi saba na naipa nyota tatu kati ya tano. Jina lake naliweka kando. Ni ya kujazia fomu. Nazunguka vijiji vya pwani ya Mkinga, kaskazini ya Tanga mjini, napima mwani mkavu wa akina mama, napiga picha mshale wa mizani, nabonyeza "Hifadhi". Inatoka tiki ya kijani. Raha.

Bamvua la mwezi uliopita, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, likanitoa jasho. Mwani huvunwa maji yakikupwa sana, kwa hiyo na kazi yangu huja kwa mkupuo: fomu 31 kwa siku mbili. Nikarudi Ngamiani, Tanga mjini, nikaoga, nikalala. Siku ya tatu bosi akapiga kutoka Dar: "Dada, mbona nimepata sita tu?" Nikamwambia zote zina tiki. Kumbe tiki ile ni ya kuhifadhiwa kwenye simu, si ya kufika. Alama ya kufika ni kawingu ka kijivu pembeni, ambako kwa jua la ufukweni hakaonekani ng'o. Nyota ya kwanza ilipotelea hapo.

Nikalaumu mtandao. Nikanunua bando jingine, wapi! Kilichonishtua ni hiki: nikiifungua na kuikodolea macho, namba ya fomu ambazo hazijafika inashuka, 25, 24, 23. Nikizima kioo niende kuepua chai, nikirudi naikuta 23 ileile. Kama mtoto anayefagia uwanja akisimamiwa tu.

Mpwa wangu akacheka. "Shangazi, mtandao hauna kosa. Simu yako ndiyo inaibana programu." Tukaingia kwenye Mipangilio. Kiokoa Data kimewashwa, na nilikiwasha mwenyewe nilipoona bando linayeyuka. Hicho huzuia programu kutumia data chinichini. Tukairuhusu hii moja. Upande wa betri tukaiweka "Bila vikwazo". Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu ikitulia mahali pamoja, kioo kimezimwa na haiko kwenye chaji, programu hunyimwa mtandao na kufunguliwa kwa vipindi vifupi tu. Yangu ilikuwa inalala mezani usiku kucha bila chaji. Halafu nina tabia ya kuzifagia kwa kidole programu zote zilizo wazi kila jioni nikidhani naisafisha simu. Kwa simu nyingine, ukifagia hivyo na upakiaji unakatika.

Kabla mpwa hajaja nilibakiza kidogo nibonyeze "Futa data". Fomu 23 zingekwenda na maji, maana hazikuwepo popote pengine. Kufuta akiba (cache), yaani mafaili ya muda, hakuna neno, lakini hiyo nyingine usiiguse kama foleni haijafika sifuri. Programu yenyewe haikuonyi, na nyota ya pili naikata kwa hilo.

Usiku ule nikaichomeka chaji, nikaiacha. Nilipoamka alfajiri kuswali, namba ilikuwa 0.

Bamvua hili nilikuwa na fomu 28. Zilifika Dar kabla mimi sijaanza safari ya kurudi Ngamiani, isipokuwa mbili za Jasini. Kule mpaka uko jirani mno, simu hunasa mnara wa Kenya, na data ya roming siwashi kwa kuogopa makato. Hizo mbili zilitoka zenyewe njiani, simu ikiwa mkobani.