Tahadhari: "dawa ya kila siku" ya mashine za espresso za mkono, Nairobi

Wenye mashine za espresso za mkono hapa Nairobi, someni kabla hamjatuma pesa. Kuna muuzaji anayezungusha tangazo la kopo jeupe la unga, gramu 250, eti dawa ya Kiitaliano ya kusafisha mashine kila siku. Kopo ni shilingi 1,850. Ukiongeza 400 anakupa na kidude cha raba cha kuziba kichujio. Jina la duka silitaji, maana ameshalibadilisha mara mbili na mkikutana naye huenda akawa na la tatu. Mtamjua kwa maelezo yaliyobandikwa kwenye kopo:

"Baada ya kikombe cha mwisho fungua boila, tia kijiko kimoja, chemsha dakika kumi, weka raba, vuta mkono mara tano."

Tuanze na hilo la kufungua boila, kwa sababu hapo ndipo mtu ataungua. Mimi nina La Pavoni Europiccola, niliyoinunua mtumba kwa familia iliyokuwa inahama. Ni muundo wa 1961 kutoka Milan: hakuna pampu, unainua mkono maji yanaingia, unaushusha kwa nguvu zako mwenyewe. Ukishamaliza kikombe cha mwisho boila bado imejaa mvuke wenye shinikizo. Ukizungusha kile kifuniko wakati huo, maji ya moto yanakurukia usoni. Zima kwanza, fungua mrija wa mvuke hadi uache kufoka, uache upoe, ndipo uguse kifuniko. Anayeuza vifaa vya mashine hizi na hajui hilo, hajui anachouza. Au anajua na hajali.

Raba nayo. Mmewaona vijana wa mikahawa wakiziba kichujio na kuwasha pampu, wanasafisha kwa kurudisha maji nyuma. Mashine zao zina valvu inayotoa shinikizo kwenda kwenye trei pampu ikizimwa. Hizi zetu hazina. Maji uliyoyasukuma kwa mkono yanabaki yamebanwa chini ya pistoni, na ukifungua kishikio kinachobeba kichujio yanaruka moja kwa moja kwenye vidole.

Sasa unga wenyewe. Nakiri niliutia. Nilisubiri mashine ipoe, nikajiona mjanja, nikatia kijiko kimoja, nikawasha. Baada ya dakika chache povu likaanza kutoka kwenye mrija wa mvuke, halafu na valvu ya usalama nayo ikaanza kutoa mapovu kama mtoto anayeota meno. Nikazima. Kwenye mashine hii maji ya kahawa na maji ya mvuke ni ya boila moja, kwa hiyo chochote ulichotia humo utakinywa. Nilijaza na kumwaga mara nane. Siku tatu mfululizo kahawa ya Nyeri, niliyoinunua kwa bei ya kuumiza, ilinukia limau. Mke wangu alionja mara moja, akarudisha kikombe mezani, akasema atachemsha chai.

Wiki iliyofuata mkono ukawa mzito na unalia kila nikiushusha. Unga ule, kumbe sabuni tu, ulikuwa umeosha grisi yote kwenye gasketi za pistoni, zile pete za raba zinazoizunguka.

Nikamtumia ujumbe. "Bosi, hiyo povu ni uchafu unatoka, endelea tu." Nikamwambia habari ya mkono kulia. Hapo akachangamka! Gasketi anazo, 2,600, na fundi wake atakuja hadi nyumbani South B kwa 1,500. Nikamuuliza za saizi gani. "Hizo zote ni saizi moja." Si kweli: La Pavoni walibadilisha kichwa cha mashine karibu mwaka 2000, na gasketi za zamani haziingii kwenye mashine mpya. Nilipomwambia hivyo akanifungia. Nadhani biashara yake halisi ndiyo hiyo, unga ni chambo tu. Unaharibu gasketi kwa unga wake, kisha unamwita akuuzie gasketi.

Pesa zimeenda. Alikataa nilipe mzigo ukifika, akakataa pia till (namba ya malipo ya biashara), akataka nitume kwa namba ya simu. Jina lililokuja kwenye ujumbe wa M-Pesa halikufanana kabisa na la duka, na mimi nikaona nikasema ah, labda ni mkewe. Nilijaribu 456, ile namba ya kuomba M-Pesa irudishwe, lakini pesa zilikuwa zimeshatolewa, na hata hivyo huduma ile ni ya aliyekosea namba, si ya aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kopo lina alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, bila namba ya kibali chini yake. Namba hiyo ndiyo mnayotuma kwa SMS kwenda 20023 kuhakikisha. Isipokuwepo, mrudishie boda mzigo wake palepale.

Unga wa kweli wa kuondoa mafuta ya kahawa haunukii manukato. Ukiutia kwenye maji ya moto unatoa viputo vidogo vidogo, na kijiko chenye weusi wa kahawa kinaanza kung'aa chenyewe. Huo ni wa kuloweka kichujio na kishikio (sehemu ya chuma tu, mpini usizame), mara moja kwa wiki, nje ya mashine. Hauingii kwenye boila hata siku moja.

Na kwa kila siku hamhitaji kununua kitu. Mimi nasubiri kidogo, nafungua kishikio polepole, nagonga machicha, nasuuza kichujio. Napitisha maji kidogo bila kahawa, napangusa wavu wa juu kwa kitambaa chenye unyevu. Mrija wa mvuke naupangusa papo hapo baada ya maziwa na kuufungulia mara moja, maana maziwa yakikaukia ndani utayachokonoa kwa sindano. Trei namwaga. Mashine ikipoa namwaga na maji ya boila. Dakika tano, na kitambaa cha shilingi hamsini.

Gasketi nimezipaka grisi ya silikoni inayoruhusiwa kwenye vyakula, mkono umenyamaza. Msikubali ile grisi ya fundi wa magari, ya petroli, inavimbisha raba.

Kopo bado ninalo, limebaki zaidi ya nusu. Jumamosi nililowekea taulo za jikoni. Zimetoka safi sana, na zinanukia limau.